Mbwa Wetu Amezeeka: Tumletee Mwenzake wa Aina Gani?

Kwako Mshauri,

Pokea salamu kutoka Mikindani. Mimi ni mume na baba wa watoto watatu, na tunaishi katika nyumba yetu wenyewe yenye ua mdogo uliozungushiwa ukuta. Tuna mbwa dume aitwaye Tomi, mwenye umri wa miaka 11, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ambaye hajahasiwa. Tangu mwaka jana miguu yake ya nyuma imekuwa mizito, asubuhi huinuka kwa shida, na jicho lake la kushoto limeingia ukungu. Kubweka bado anabweka, lakini siku hizi hubweka akiwa amelala, bila hata kuinua kichwa.

Mwezi uliopita wezi waliruka ukuta wa jirani wa nyumba ya pili wakaondoka na mtungi wa gesi, na tangu siku hiyo familia yangu haina mazungumzo mengine ila kutafuta mbwa mdogo. Mfanyakazi mwenzangu anayeishi Nyali anauza watoto wa Rottweiler wenye wiki 6, naye ananishawishi nichukue madume wawili ndugu kwa bei nafuu ili wakue pamoja. Mlinzi wa boma moja huko Bamburi ana jike wa kienyeji aliyezaa watoto 5, ambao sasa wana wiki 5, na yuko tayari kunipa mmoja bila malipo. Katika boma hilo kuna pia dume mzima. Binti yangu Neema hataki kusikia habari za wote hao, kwa kuwa ameona picha za Japanese Spitz mweupe. Mke wangu naye anasema si haki kumletea Tomi mtoto wa kumsumbua uzeeni, na kwamba tungoje hadi afe ndipo tulete mwingine.

Kinachonitia hofu ni kwamba shemeji yangu alipotutembelea na mtoto wa mbwa wa miezi 3, mtoto yule alimrukia Tomi usoni, na Tomi akanguruma na kumwonyesha meno mpaka mtoto akakimbia huku akilia. Hakumuuma. Jirani mmoja amenishauri nimpe Tomi nusu ya kidonge cha maumivu cha binadamu ili apungukiwe na hasira, na kwamba nikileta mtoto mpya nimchape Tomi kila anaponguruma, hadi azoee. Je, nimchague yupi, wa kike au wa kiume, mmoja au wawili, na nitajuaje kwamba Tomi atamkubali?

Baba Neema, Mikindani, Mombasa.

---

Baba Neema,

Salamu zimefika. Nitaanza na kile kidonge, kwa kuwa hakiwezi kungoja mengine. Usimpe Tomi dawa ya maumivu ya binadamu, iwe nusu au robo. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo sisi hununua dukani kama tunavyonunua chumvi, humchimba mbwa vidonda vya tumbo hadi akatapika damu, na huweza kumharibu figo. Zipo dawa za maumivu ya viungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari wa mifugo huzitoa kwa kufuata uzito wa mnyama na hali ya figo na ini lake. Mpeleke Tomi kwa daktari kabla hujakwenda kumtazama mtoto yeyote, na umwombe amkague nyonga, magoti na macho, kisha ampime damu kutafuta homa ya kupe. Nasisitiza kipimo hicho cha mwisho kwa sababu Pwani yetu ina joto na unyevu ambavyo kupe hupenda, na homa hiyo ikikaa mwilini muda mrefu humlegeza mbwa, humfanya achechemee, na wakati mwingine humtia ukungu machoni, dalili ambazo wengi wetu huzitazama na kusema ni uzee tu. Huenda ukarudi nyumbani na mbwa mwenye umri uleule lakini mwenye mwili mwepesi zaidi, na mbwa asiye na maumivu humvumilia mtoto kwa namna ambayo mbwa mwenye maumivu hawezi, hata akiwa na roho njema kiasi gani.

Kisa cha shemeji yako, ambacho wewe kimekutia hofu, mimi kimenipa moyo. Mtoto alimrukia mzee usoni, mzee akanguruma, akaonyesha meno, mtoto akaondoka, na hakuna aliyetoka damu. Hivyo ndivyo mbwa mwenye adabu anavyokataza: kwanza hugeuza uso, kisha hukakamaa, kisha huinua mdomo na kunguruma, na kuuma huja mwisho kabisa, ikiwa hayo yote yamepuuzwa. Ukimchapa kwa sababu ya kunguruma, hutamwondolea kero aliyonayo. Utamfundisha tu kuificha, na siku uvumilivu utakapomwishia atauma bila onyo, labda mbele ya watoto wako. Basi ushauri wa jirani kuhusu fimbo uuweke kando pamoja na kidonge chake, ingawa sina shaka kwamba katika mambo mengine ni jirani mwema.

Ukikitazama kisa hicho vizuri, utaona kwamba swali lako limebadilika. Tomi anajua kusema. Unachotafuta ni mtoto anayejua kusikia, yaani yule ambaye akikatazwa na mbwa mkubwa hurudi nyuma, akatulia, kisha akaendelea na maisha yake bila kinyongo wala woga. Sifa hiyo moja, kwa nyumba yenye mbwa wa miaka 11, ninaiweka mbele ya kabila la mbwa, rangi yake na ukali wa wazazi wake.

Kwa kipimo hicho, wale Rottweiler wawili wa Nyali siwapendekezi. Sina ugomvi na mbwa wa aina hiyo, lakini dume wake akikomaa hufikia kilo 50 hivi, na kabla hajatimiza miezi 6 tayari huwa ana uzito wa kumwangusha mzee mwenye nyonga mbovu kwa kumgonga tu katika mchezo. Kuchukua ndugu wawili kwa pamoja ni kosa la pili juu ya hilo. Ndugu waliolelewa pamoja hushikamana wao kwa wao, huchelewa kumsikiliza binadamu, na akili ya mmoja inapomtuma kumwendea mzee, wa pili hufuata. Tomi ataweza kumkataza mmoja, lakini wawili watamzunguka. Madume ndugu, tena wakubwa, mara nyingi pia huanza kupigana wanapobalehe. Na muuzaji aliye tayari kuwatoa watoto wakiwa na wiki 6 anakunyima kitu usichoweza kununua baadaye, kwa kuwa ni katika wiki zile za mwisho na mama yake na nduguze ambapo mtoto hujifunza kwamba akiuma kwa nguvu mchezo hukoma. Mtoto wa mbwa asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8.

Kuhusu Spitz wa Neema, umbo lake dogo lisingemuumiza Tomi, na kwa hilo binti yako amekaribia jibu kuliko mfanyakazi mwenzako. Hata hivyo manyoya yale mazito yanahitaji kuchanwa mara kwa mara, kupe hujificha ndani yake wasionekane, na joto la kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi litamlazimisha kushinda kivulini akihema. Isitoshe, picha haiwezi kumwambia mtu jinsi mbwa anavyopokea karipio.

Tunabaki na Bamburi, na huko ndiko ningekutuma, hasa kwa sababu ya kile ulichokitaja kama jambo la pembeni, kwamba katika boma lile kuna dume mzima. Watoto wanaokua mbele ya mama yao na mbwa mwingine mkubwa huwa wamekwisha kukaripiwa mara nyingi kabla wewe hujafika. Mwombe mlinzi akuruhusu uje watoto wakiwa na wiki 7 na uje tena wakikaribia kutimiza 8, na safari zote mbili uende jioni, wakati wa kuwapa chakula. Usimwite mtoto yeyote. Kaa pembeni, juu ya jiwe au ndoo iliyofunikwa, utazame.

Mtazame kwanza mama. Katika umri huo anawaachisha kunyonya, na meno yao madogo yanamchoma. Utaona mtoto mmoja akimwendea chini ya tumbo, mama akimgeukia na kuinua mdomo upande mmoja tu, kiasi cha jino kuonekana, pengine bila sauti. Yupo mtoto atakayeendelea kulazimisha mpaka asukumwe kwa pua na kubingirika. Yupo atakayepiga kelele na kukimbilia chini ya gari, na utaondoka jioni ile kabla hajatoka. Na yupo atakayesimama, akakaa chini au akalamba hewa, akaondoka zake na baada ya dakika mbili akawa anavuta ukambaa wa kiatu chako. Huyo wa tatu ndiye ninayemsema. Fanya vivyo hivyo kwa yule dume akiwa na mfupa wake, lakini usiutupe mfupa wewe. Ngoja utolewe na mlinzi kama kawaida ya boma. Kisha mwombe mlinzi akuinulie mtoto uliyempenda, umshike kifuani, umguse masikio, mdomo na vidole vya miguu. Akijikunyata kidogo na kisha akalegea, vizuri. Akiganda kama ubao au akapambana bila kukoma, mrudishe chini na utazame mwingine.

Sikuahidi kwamba jioni mbili zitakuonyesha tabia ya mbwa huyo akiwa na miaka 3. Watoto hubadilika, na yule aliyekuwa mpole akiwa na usingizi anaweza kuwa mtundu akishiba. Ndiyo maana mama mtu ana uzito mkubwa katika uamuzi wangu: jike anayekubali mgeni akae karibu na wanawe baada ya kubweka kidogo ni dalili njema kuliko mtihani wowote utakaomfanyia mtoto. Ukimkuta anajificha kwa woga au anakuja kwa hasira isiyotulia hata mlinzi akiwapo, usichukue mtoto hapo, hata kama ni wa bure na hata kama umekwisha kuahidi.

Chagua wa kike. Ugomvi mzito huzuka mara nyingi zaidi kati ya mbwa wa jinsia moja, na Tomi ambaye hajahasiwa atakuwa akidhoofika katika miezi ileile ambapo dume kijana atakuwa akipata nguvu na kutaka nafasi yake. Jike naye ana gharama yake. Anaweza kuingia joto kuanzia miezi 6, hali hiyo hudumu wiki 3 hivi, na madume wa mtaa mzima watahamia langoni kwako; Tomi mwenyewe, pamoja na nyonga zake, hatakosa kujaribu, na baada ya siku 63 hivi utakuwa na watoto wa kugawa kama yule mlinzi. Panga na daktari mapema ili afungwe kizazi, na umuulize umri ufaao kwa umbo lake. Tengeni fedha hizo sasa, maana mtoto wa bure ni wa bure siku ya kwanza tu.

Suala la chanjo halina mjadala. Kabla mtoto hajaja, hakikisha chanjo za Tomi hazijapitwa na wakati. Mtoto huanza chanjo za magonjwa kama parvo na distempa akiwa na wiki 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16 hivi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa kuanzia miezi 3, na kwa Tomi irudiwe kila mwaka. Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, kwa hiyo tunza kadi za chanjo mahali utakapoziona. Uliza pia katika ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu kampeni za chanjo, ambazo mara nyingi hufanywa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Dawa ya minyoo mtoto apewe mara kadhaa katika miezi yake ya mwanzo, kwa faida yake na ya watoto wako wanaocheza mchangani.

Siku ya kumleta, usimnyweshe maziwa wala kumlisha saa 2 au 3 kabla ya safari, kwa sababu toka Bamburi kuvuka daraja la Nyali, kupita kisiwani na kutokea Makupa ndani ya matatu ni mwendo wa kutosha kumtapisha. Nijuavyo, ni bora mbwa wawili wakutane mahali ambapo hakuna aliyepazoea, lakini hapa pana kizuizi: virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, na mtoto asiyekamilisha chanjo hafai kuwekwa chini barabarani ambako mbwa wa mtaa hupita na kunya. Tafuta ua wa ndugu au rafiki asiyefuga mbwa. Mlete Tomi hapo kwanza akiwa na kamba iliyolegea, amenusanuse pembe zote, kisha mtoto awekwe chini kwa mbali, watu waendelee na mazungumzo yao badala ya kusimama duara wakiwatazama. Dakika 10 zinatosha. Baadaye warudi nyumbani pamoja, Tomi akitangulia kuingia langoni.

Ndani ya ua, mtengee Tomi mahali pake ambapo mtoto haingii kabisa. Kizuizi cha mbao za paleti mlangoni mwa baraza kitafaa, mradi Tomi asihitaji kuruka au kupanda, naye awekewe godoro kuukuu au mkeka mnene badala ya saruji tupu. Mtoto alale kwingine usiku, na mchana wawe pamoja pale tu ambapo mtu mzima yupo kuwatazama. Mfunge mtoto njuga ndogo shingoni. Tomi haoni vizuri upande wa kushoto, na mara nyingi mbwa wa aina hiyo hufoka kwa kushtuliwa tu. Akisikia njuga inakuja, atakuwa na muda wa kugeuka au kuondoka. Ukimwona Tomi anageuza uso, analamba midomo bila chakula, au weupe wa jicho unaonekana, mwite mtoto uondoke naye hata kabla ya kunguruma. Akinguruma mara moja na mtoto akarudi nyuma, usiseme neno. Akinguruma na mtoto akaendelea kumrukia, kosa ni la mtoto. Mtoe mtoto, umwache mzee.

Chakula kiwe mbali na mbali. Tomi ale kwanza, barazani pake, na mtoto ale mara 3 au 4 kwa siku mahali pengine, chakula chenye protini ya kutosha kwa anayekua: ukimpikia ugali na omena, omena wasiwe wa kunukia tu. Mzee asimalizie sahani ya mtoto, kwa kuwa kila kilo anayoongeza inabebwa na nyonga zile zile.

Jambo la jirani zako nalo nitaligusa, maana Mikindani watu wanaishi ukuta kwa ukuta. Waislamu wa Pwani wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, moja kati yake kwa udongo. Tomi mwenye adabu za miaka 11 hatoki. Mtoto atapenya chini ya lango wiki ya kwanza na kuingiza pua katika sufuria ya mtu. Ziba uwazi ule kabla hajafika, na upite kwa majirani uwaarifu.

Kuhusu wezi, sharti nikuambie kwamba mtoto huyu hatakulindia mtungi wa gesi mwaka huu. Atajifunza kubweka kwa kumfuata Tomi, na kwa hilo mzee atakusaidia sana, lakini ujasiri wa mbwa mzima huja baada ya mwaka mmoja na zaidi. Usimfunge mnyororo mchana kutwa ili awe mkali, kama wengi wanavyofanya. Utapata mbwa mwoga anayeuma wageni wako. Kwa sasa weka taa nyuma ya nyumba na kufuli ya jikoni.

Mama Neema asikilizwe, kwa sababu hofu yake ina msingi. Daktari akisema Tomi ana maumivu yasiyotulizwa na dawa, au macho yote mawili yanakwenda, basi mtoto asiletwe, na badala yake tafuteni jike mzima mtulivu wa miaka 3 au 4, aliyekwisha kufungwa kizazi, ambaye hana haja ya kumrukia mtu usoni. Daktari akisema hali yake inatunzika, sioni sababu ya kungoja afe, kwani kila kitu ninachotaka mtoto ajifunze kuhusu lango lenu na wageni wenu, mwalimu wake ni Tomi. Watoto wa Bamburi wana wiki 5 leo, kwa hiyo una wiki 2 za kumpeleka mzee kwa daktari kabla ya jioni ya kwanza ya kuwatazama. Mpigie mlinzi simu leo umwambie akuwekee jike mmoja, lakini usimwambie yupi.